Nilimwiga Popovich kelele zake, kumbe kazi ilikuwa mezani

Kwenye kabati langu kuna kaunta buku moja nene, panya walishaila pembeni, ukurasa wa kwanza nimeandika kwa kalamu nyekundu: 19/6/2013, saa 10 alfajiri. Chini yake kuna sentensi moja tu, "sasa Duncan umemtoa wa nini???"

Wanaofuatilia kikapu washajua naongelea nini. Fainali za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mechi ya 6, San Antonio Spurs wako Miami, wanaongoza kwa pointi 5 na zimebaki sekunde 28, wahudumu washaanza kuvuta zile kamba za njano pembeni ya uwanja maana bingwa kashapatikana. Kocha Gregg Popovich akamtoa Tim Duncan, mrefu wake, akaweka watu wepesi wa kukimbizana na wapigaji wa pointi tatu. LeBron wa Miami akapiga tatu akakosa, mpira ukarudi kwake akapiga tena ikaingia, Spurs wakaongeza pointi moja ya adhabu, LeBron akapiga nyingine akakosa, mwenzake Chris Bosh akadaka mpira uliorudi akamsukumia Ray Allen kwenye kona, tatu, zimebaki sekunde 5, sare. Dakika za nyongeza wakafungwa, mechi ya 7 wakafungwa tena, kombe likabaki Miami.

Mi huku Temeke nikapiga kigoda teke, mtoto akaamka analia, mke wangu akatoka chumbani anajifunga khanga akaniuliza "we baba, kuna msiba?" Nikamwambia ndio, upo.

Nilikuwa na mwaka wa pili nafundisha vijana wa mtaani. Sikusomea. Kocha aliyekuwepo alihamia Dodoma kikazi akaniachia filimbi na mipira minne, miwili imeshakuwa kipara, akasema we si ulichezaga sekondari, shika. Hamna wa kumuuliza, hamna semina, mwalimu wangu akawa simu na bando la usiku. Na katika makocha wote nikamchagua Popovich kwa sababu ya makombe, wakati ule alikuwa nayo manne, 1999, 2003, 2005 na 2007, la tano akalichukua 2014 kwa kuwalipizia haohao Miami 4 kwa 1.

Sasa shida ya kumsoma mtu kwenye vipande vya video ni kwamba unaona kile kilichokatwa. Mi nilikuwa namwona anaita taimauti, yaani anasimamisha mchezo aongee na timu, mechi haijafika hata dakika moja, anamfuata mchezaji hadi puani, mishipa ya shingo imesimama. Waandishi wakimuuliza swali katikati ya mechi anajibu neno moja anaondoka. Nikasema aha, kumbe ushindi unatokea hapo. Nikaanza kufoka. Nilifoka mazoezini, nikafoka kwenye mechi, nikafoka mpaka kwenye kikao cha kuchangia nauli. Na watoto wakawa wananitii kweli, ndo maana ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba naharibu.

Kulikuwa na kijana mmoja wa miaka 15, ana mikono laini sana, mpira ukimfikia unatulia. 2014 hiyo, mechi ya kirafiki, akakosa mbili za chini ya kikapu kabisa. Nikamtoa nikamwambia kwa sauti ya uwanja mzima, "kama kikapu kigumu nenda kacheze rede na dada zako." Watu wakacheka. Baba yake alikuwa amekaa nyuma yangu na mi sikujua. Yule kijana hakujibu kitu, alivua jezi, akaikunja, yaani aliikunja vizuri, mikono ndani kama ya kwenda kuuzwa, akaiweka kwenye benchi akaondoka na baba yake. Sikumwona tena uwanjani.

Nimekutana naye 2019 Kariakoo, ni fundi simu, nimepeleka kioo kimepasuka. "Shikamoo kocha." Nikashindwa hata kuitikia vizuri. Akanibadilishia kioo, akanitoza bei ya kawaida, wala hakunipandishia. Nilipoanza kuomba msamaha akasema, bila hasira, "Kocha, wiki ile tulikuwa tumetoka kumzika bibi. Ungeniuliza tu."

Ile "ungeniuliza tu" nimeondoka nayo kwenye daladala mpaka Temeke.

Basi ndo nikarudi kumsoma Popovich upya, safari hii si video, nikasoma maisha yake. Na nikaanza kuona kwamba yule mzee wa kwenye taimauti nilikuwa nimemnyofoa katikati, mwanzo wake siujui.

Huyu bwana alimaliza chuo cha jeshi la anga la Marekani 1970, akatumikia jeshi miaka mitano, akazunguka Ulaya Mashariki na Urusi ya wakati ule na timu ya jeshi. 1972 akajaribu kuingia timu ya Olimpiki, hakuchaguliwa. 1979 akapewa timu ya vyuo vidogo California, Pomona-Pitzer, daraja ambalo hata ufadhili wa michezo hawatoi, watoto ni wa kusoma kwanza. Msimu wake wa kwanza, shikeni hapo: kashinda 2 kafungwa 22. Na msimu huo huo akafungwa na Caltech, chuo cha wanafizikia, ambao walikuwa hawajashinda mechi ya ligi yao mara 99 mfululizo. Yaani uchovu wa mechi 99 waliumalizia kwake.

Akakaa pale. Alikaa bwenini na familia yake, mke na watoto, wanafunzi wanapita mlangoni. Ilimchukua mpaka 1986 kuwapa ubingwa wa ligi yao. Halafu akaomba likizo ya mwaka, akaenda kukaa pembeni ya makocha wakubwa, Dean Smith wa chuo cha North Carolina na Larry Brown wa chuo cha Kansas, kutazama tu wanavyofanya. Kocha bingwa kaenda kushika daftari! Mi baada ya kushinda bonanza moja la kata nilishaanza kuvaa miwani usiku.

Ndani ya NBA aliingia 1988 akiwa msaidizi wa huyohuyo Brown pale San Antonio, 1992 wakafukuzwa wote, akaenda kuwa msaidizi wa Don Nelson kule Golden State, 1994 akarudi San Antonio akiwa meneja mkuu. Muweke kichwani huyo Don Nelson, maana miaka 30 baadae, Machi 2022, rekodi aliyoivunja Popovich ya ushindi mwingi ni ya huyo bosi wake wa zamani, mechi 1,335. Mwenyewe kaja kumalizia 1,390.

Ila kuna sehemu huwa makocha wenzangu hawapendi nikiisema. Desemba 1996 Spurs wameanza vibaya, wameshinda 3 wamefungwa 15, nyota wao David Robinson anaumwa mgongo. Popovich kama meneja akamfukuza kocha Bob Hill, mtu ambaye misimu miwili nyuma alishinda mechi 62 na 59, akajipa kazi mwenyewe. Na akafanya hivo Robinson ndo anarudi. Mji ulimchukia, na mi ningemchukia. Robinson akacheza mechi 6 akavunjika mguu, msimu ukaisha Popovich kashinda 17 kafungwa 47. Kwa kufungwa kote huko wakapata bahati ya kuchagua wa kwanza kwenye drafti ya 1997, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, na wa kwanza mwaka huo alikuwa Tim Duncan.

Sasa niambieni, hapo ujanja wa kocha uko wapi? Bahati ile. Hata yeye mwenyewe hajawahi kuficha kwamba Duncan ndo kila kitu. Na ukitaka ushahidi mwingine nenda mwisho wa safari: msimu wa 2022-23 Spurs walishinda 22 wakafungwa 60, msimu uliofuata tena 22 kwa 60, kocha ni yuleyule mwenye makombe matano, kichwa kilekile, ila kikosi ni vitoto. Kocha bila wachezaji ni mtu mwenye filimbi tu. Mi hili nimelikubali nikiwa na miaka 38 na limeniondolea presha nyingi sana, siku hizi nikifungwa na timu yenye watoto bora kuliko wangu nampa mkono mwenzangu narudi nyumbani nakula.

Na kuna 1999. Msimu ulifupishwa kwa sababu wenye timu waliwafungia wachezaji nje wakigombania mkataba, Spurs wakaanza 6 kwa 8, mji mzima unasema atoke, jina la atakayemrithi lishatajwa. Hawakumtoa. Wakashinda 31 kati ya 36 zilizobaki na kombe juu. Zingeongezeka mechi mbili tatu mbaya leo hii hamna mtu angemjua. Kwa hiyo ukiniuliza siri ya kocha kudumu miaka 29 sehemu moja, mi nakujibu mtazame kwanza mwenye timu.

Nayasema haya kwa uchungu kidogo kwa sababu 2016 nilichukuliwa na timu moja, sitaitaja, mwenye timu ana hela na ana haraka. Tulikubaliana kwa mdomo kwenye chipsi mayai, laki 3 kwa mwezi. Mechi ya tano, tumeshinda moja, nikaona mtu mwingine anaendesha mazoezi, na ndo ikawa barua yangu ya kufukuzwa. Miezi mitatu nawadai, laki 9, mpaka leo. Kosa langu, siwalaumu sana. Ukiitwa na timu, hata iwe ya mtaa, andikeni karatasi moja, sahihi mbili na shahidi. Na kabla ya kuongelea hela muulize bosi swali hili: tukifungwa tano za kwanza utafanyaje? Ukiona anacheka badala ya kujibu, kunywa soda yako uage.

Turudi kwenye ile alfajiri ya 2013, maana miaka baadae nilikuja kujua kilichotokea baada ya mi kuzima simu kwa hasira. Spurs walikuwa washaweka oda ya mgahawa Miami, wa kusherehekea ubingwa. Wamefungwa vile, mtu wa kawaida anasema kila mmoja akalale. Popovich akasema tunaenda wote, vilevile. Akatangulia kufika, akapanga meza, akasimama kuwapokea mmoja mmoja, wengine aliwakumbatia, akawa anazunguka meza hadi meza anaongea nao. Watu wametoka kupoteza kombe kwa sekunde 5, na uamuzi wa kumtoa Duncan ni wa kwake, yeye anahakikisha watu wamekula.

Nilipoisoma hiyo nilifunga kaunta buku. Miaka yote nimeandika michoro ya plei, yaani nani akimbilie wapi, nani anazuia nani, sijaandika hata mara moja watoto wangu wanakula nini.

Kwa hiyo 2019 nikaanza. Jumamosi baada ya mazoezi tunakaa kwa mama ntilie mmoja nyuma ya uwanja, wali maharage, kwa watoto 18 ilikuwa inanitoka kama elfu 27, siku hizi imepanda nachangisha wazazi wenye uwezo buku buku. Sheria ni mbili, simu mfukoni, na hamna kukaa na rafiki yako. Wiki tatu za kwanza waliinama kwenye sahani kimya kama wako kwa mkwe. Ya nne mmoja akaanza kusimulia jinsi alivyofukuzwa na mbwa Mbagala, ikawa imeisha hiyo. Pale mezani nimejua nani analala kwa shangazi, nani anatembea kutoka Tandika kwa sababu nauli kala, nani mama yake anaumwa. Uwanjani wasingeniambia hata kwa fimbo. Na kufoka bado nafoka jamani, msidhani nimekuwa shehe, ila sasa namfokea mtu ninayemjua, na yeye anajua Jumamosi tutakaa meza moja.

Hela yenye maumivu haikuwa ya wali lakini. 2017, nusu fainali ya mashindano ya vijana, kijana wangu bora kifundo cha mguu kimevimba toka juzi yake. Akasema kocha niko fiti. Nikataka kuamini nikaamini. Robo ya tatu akaruka akatua vibaya, ule mlio nausikia mpaka leo, kama kijiti kikavu. Hospitali ilinitoka laki 6 na 40, nilikopa kikoba, na riba nimelipa miezi minane. Lakini hela si kitu, nilivyoenda kwa mama yake akanikaribisha ndani, akanipa maji, akasema "mwanangu, ulimwangalia mguu?" Nikasema niliangalia mama. Na kweli niliuangalia.

Miaka mitano kabla ya hapo, Novemba 2012, Popovich aliwarudisha nyumbani kwa ndege wachezaji wake wanne wa kutegemewa, Duncan, Tony Parker, Manu Ginobili na Danny Green, kabla ya mechi na Miami, mechi kubwa ya televisheni, kwa sababu ilikuwa ya nne ndani ya siku tano na watu wamechoka. Ligi ikampiga faini timu dola 250,000. Mi niliisoma wakati ule nikacheka nikasema huyu mzee anaringa. Kumbe alikuwa anawatunza kwa ajili ya Juni. Kwetu hamna atakayekupiga faini kwa kupumzisha mtoto, kelele za jukwaani tu. Siku hizi nina utaratibu wa kijinga lakini unafanya kazi: mguu ukivimba namwambia achuchumae na ainuke kwa mguu huo mmoja mbele yangu mara tano, akikunja uso hachezi, na hiyo kauli "niko fiti" nimeipiga marufuku kwenye timu. Nampigia mzazi kwanza.

Kosa la kuchekesha ni hili. Popovich alimtoa Ginobili kwenye watano wa kuanza, staa kabisa yule, akawa anatokea benchi, wakachukua kombe la 2007 hivyohivyo na 2008 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa akiba. Nikasema na mi nina Ginobili wangu. Nikamtangazia kwenye grupu la WhatsApp. Saa 5 usiku. Na emoji ya misuli. Asubuhi kajitoa grupu, kajitoa timu, na mama yake kaniblok. Mambo ya hivo mtu anaitwa pembeni, mnakaa, unamwambia kwa nini, unamwachia nafasi ya kukasirika, na unamwambia atamaliza mechi uwanjani hata kama hataianza. Nilivyorudia 2021 kwa mwingine kwa njia hii alininunia siku nne tu.

Kuna wazazi bado wananiletea watoto kwa sababu ya Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu aliyefika NBA, mtoto akiwa mrefu tu anashikwa mkono analetwa, kwa kuwa Hasheem alichaguliwa namba 2 kwenye drafti ya 2009. Siwakatai. Ila nawaambia pia Ginobili alichaguliwa namba 57 na Parker namba 28, tena Parker jaribio lake la kwanza Popovich hakumtaka kabisa, wakambembeleza amwone mara ya pili. Na mapema 2025 Bismack Biyombo alivyovaa jezi ya Spurs watoto walishangilia kweli, mtu wa Lubumbashi bana, Kiswahili kitupu, wakawa wananiuliza hivi kule benchi anaweza kumsema kocha kwa Kiswahili na asijue?

Ila wakati huo Popovich mwenyewe hakuwepo benchi. Tarehe 2/11/2024 alipata kiharusi kidogo palepale kwenye ukumbi kabla ya mechi, msaidizi wake Mitch Johnson akachukua timu siku hiyohiyo na wakaendelea. Tarehe 2/5/2025, akiwa na miaka 76, akatangaza kuacha ukocha, amebaki rais wa masuala ya kikapu wa timu. Nilisoma ile habari nikiwa nahesabu vizibao vya mazoezi, nikakaa chini. Kilichonigusa si yeye kuacha. Ni kwamba timu ilicheza jioni ileile.

Kwa sababu 2022 mi nililazwa wiki mbili, presha, na timu yangu ilipigwa mechi mbili za mezani, yaani tulihesabiwa tumefungwa bila kucheza. Hamna aliyekuwa na orodha ya wachezaji, hamna aliyejua leseni ziko wapi, zilikuwa kwenye begi langu chini ya kitanda cha wodini. Watoto walifika uwanjani na jezi wakakaa, wakasubiri, wakarudi. Miaka 11 nilikuwa najisifu kwamba bila mimi hapa hamna kitu, na Mungu akanionyesha kweli hamna kitu.

Sasa hivi nina msaidizi, ni mchezaji wangu wa zamani, ana miaka 26. Jumatano mazoezi ni yake, siendi kabisa. Nakala ya leseni anayo, namba za wazazi anazo, ufunguo wa stoo ya mipira tumechonga wa pili. Mwanzo ilinisumbua, nilikuwa napita na bodaboda barabara ya nyuma nachungulia ukutani.

Mwezi uliopita nikampa mechi nzima. Robo ya nne, tunaongoza kwa 2, akaita taimauti akamtoa mrefu wetu akaweka mfupi. Mi nikasimama kwenye ndoo niliyokalia, nikawa nishafungua mdomo. Akageuka, akaweka mkono kifuani, akasema taratibu kabisa, "Kocha, samahani, naomba ukae."

Nikakaa.